Kuku analala kwenye kiota alafu anataga kichakani, tatizo liko wapi?

Ukikaa na watu wanaofuga kuku wachache nyumbani malalamiko ni yaleyale, mmoja anasema mayai kila siku yamepakwa mavi, mwingine anasema nimewawekea fito nzuri kabisa za kulalia ila wanajazana kwenye viota, mwingine kuku wake wamenona na vilemba vimeiva lakini yai halionekani kumbe liko nyuma ya tenki kwenye majani, na yule wa mwisho kila jioni yuko chini ya mti na mti mrefu mkononi anawashusha kuku mmoja mmoja. Ukiyasikia hivyo unaona kama ni shida nne tofauti. Mimi naona karibu zote zina mzizi mmoja, kuku ana sehemu mbili anazozihitaji kila siku, pa kulala na pa kutagia, na hizo sehemu zinapingana karibu kwa kila kitu: pa kulala anataka juu, pawazi, pembeni kuna wenzake, na pa kutagia anataka pamejificha, pana giza giza, peke yake. Sisi tukijenga banda tunazichanganya, au tunaijali moja tunaisahau nyingine, alafu lawama anabeba kuku.

Tuanze na usiku maana usiku ndo unaharibu mengi.

Asili ya kuku wa nyumbani ni kuku wa porini mwekundu wa misitu ya Asia ya kusini mashariki, ambaye yupo mpaka leo, na mpaka leo jua likizama anaruka juu ya tawi. Ana sababu ya msingi. Mchana kuku ana macho makali sana, rangi anaona nyingi kutushinda sisi, lakini giza likiingia haoni vizuri, na ndo maana hata yule jogoo mkorofi ambaye mchana humsogelei, usiku unambeba tu kama huna shida naye. Mnyama ambaye gizani haoni vizuri wala hawezi kukimbia anachoweza kufanya ni kimoja tu, awahi sehemu ambayo adui hafiki kirahisi, na aiwahi kabla mwanga haujaisha. Kwaiyo kuku hajali wewe sehemu gani umeiita pa kulala, yeye anaangalia iliyo juu kuliko zote anayoweza kuifikia, basi hapo ndo kwake. Kama paa la viota liko juu kuliko fito, atalala juu ya paa la viota. Kama fito na viota viko usawa mmoja, wengine watalala ndani ya kiota au kwenye ukingo wake huku mkia umeelekea ndani, na kuku mavi anatoa usiku kucha, kwaiyo asubuhi yai linaangukia kwenye hayo mavi. Hapo ndo mayai machafu yanapozaliwa, wala sio kwamba una kuku wachafu.

Dawa yake ni vipimo tu. Viota viwe chini, kama sentimita 30 mpaka 60 kutoka sakafuni, na fito ziwe juu ya hapo angalau sentimita 30 hivi, zisipishane kidogo kidogo mpaka kuku achanganyikiwe. Kama una kuku wazito, hawa Brahma na Orpington na wenzao, shusha vyote viwili, wao hata sentimita 50 ya kulala inawatosha ilimradi viota viwe chini zaidi. Silkie ndo hata haruki vizuri, manyoya yake hayamsaidii, muwekee ufito wa chini kabisa au ubao wa kupandia. Na usiweke viota chini ya fito moja kwa moja, hili nadhani halihitaji maelezo.

Watu wengi wanawaza kuku atapandaje, wakati kasheshe kubwa ni kushuka. Kupanda anapanda kwa hatua, ananusa nusa, anapima, anaruka. Asubuhi anashuka kwa mkupuo mmoja, na kama banda ni dogo na sakafu ni zege tupu anatua vibaya, anajigonga kifua au anapasuka unyayo, na kwenye ule mpasuko bakteria wanaingia, unyayo unavimba unakuwa na kidonda cheusi katikati kama kifungo na ndani usaha mgumu. Ukiona kuku anachechemea mgeuze uangalie unyayo kwanza kabla hujafikiria magonjwa makubwa. Maranda ya kutosha sakafuni na nafasi ya kutosha ya kutua mbele ya fito vinapunguza hilo sana.

Ufito wenyewe uwe mti, unene wa sentimita 4 mpaka 5, kona zake zimepigwa randa zikawa duara kidogo. Bomba la chuma linabeba baridi na bomba la plastiki linateleza, kuku anakesha anajirekebisha. Kuku akikaa miguu ikikunjwa kuna mishipa inayovuta vidole vyake vyenyewe vikashika, kwaiyo anahitaji kitu cha kushikika, sio ubao mwembamba wenye kona kali unaomkata kifuani wala sio mti mnene kama nguzo. Ila kama mnaishi sehemu yenye baridi kali ya kugandisha maji, hapo fito za bapa zenye upana wa sentimita 8 mpaka 10 zinafaa zaidi, maana kuku anakaa juu ya vidole vyake anavifunika na manyoya ya tumbo visigande.

Nafasi: kila kuku mpe sentimita 20 mpaka 25, mkubwa 30, na ufito ukae mbali na ukuta kama sentimita 30 mkia upate pa kukaa. Zikiwa fito mbili au tatu ziache nafasi ya sentimita 30 mpaka 40 kati yake. Sasa hapa kuna jambo ambalo ramani nyingi za mabanda hazisemi, zile fito za ngazi, moja chini, nyingine juu, nyingine juu zaidi, zinapendeza kwenye picha lakini zinaleta vita. Kuku wana vyeo vyao, na mwenye cheo anataka juu. Kaa jioni moja uangalie: wa kwanza anapanda anajinyoosha, wa pili anapanda upande wa kulia anadonolewa kichwani anashuka, anazunguka anapanda upande wa pili, anajipenyeza katikati ya wawili wanaosukumana, mmoja wa mwisho anadondoka, anapiga kelele, anapanda tena, robo saa nzima ni fujo, alafu ghafla kimya, kila mtu amepata pake. Ukiona fujo inaisha na wote wako juu hakuna tatizo, ndo maisha yao. Ukiona kila siku kuna kuku yuleyule mmoja anakata tamaa anaenda kulala kwenye kiota au kwenye kona chini, huyo hana tabia mbaya, huyo amefukuzwa. Weka fito zote usawa mmoja na uongeze urefu, mara nyingi inaisha hapohapo.

Mimi ningeambiwa nimshauri mtu kitu kimoja tu ningemwambia hicho cha kukaa jioni na kuangalia, kabla hujaenda kununua chochote. Nusu saa ya magharibi inakuonesha nani anamuonea nani, nani mguu unamuuma anaogopa kuruka, na nani hataki kabisa kuingia.

Na hao wasiotaka kuingia wagawe mafungu mawili. Kuna wageni, ambao hawajajua hapo ni kwao, na wahenga walishasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, siku hizi hatufungi kamba ila maana ni ileile, mfungie ndani ya banda wiki moja mpaka mbili, ale humo, anywe humo, alale humo, ukija kumfungulia atarudi mwenyewe jioni. Kuku akishazoea sehemu ya kulala anairudia kila siku bila kufundishwa, na ndo maana yule aliyezoea mti naye anaurudia mti wake kila siku na ni kazi kumbadilisha. Wa mtini dawa yake ni hiyohiyo ya kumfungia, na kumpa chakula ndani ya banda jioni kabla mwanga haujafifia, na kingine ambacho wengi hawakifikirii, kuku haingii shimo lenye giza. Kama nje bado kuna mwangaza na ndani ya banda kweusi tii, kwa macho yake yale anaona anaambiwa aingie kusikojulikana. Toboa dirisha la waya, au washa taa ndogo ndani kwa muda mfupi wakati wanaingia, utashangaa.

Fungu la pili ni wale waliokuwa wanaingia vizuri miezi yote alafu wakaanza kugoma. Hao wasikilize, usiwachape. Uwezekano mkubwa ni utitiri wekundu. Hawa wadudu mchana huwaoni kwenye mwili wa kuku hata ukimfunua manyoya yote, kwa sababu mchana wamejificha kwenye nyufa za fito, kwenye maungio ya mbao, kwenye vichwa vya misumari, usiku ndo wanatoka wanapanda kwa kuku aliyelala wananyonya damu alafu wanarudi. Kuku anajua kuna kitu kinamuuma pale na hawezi kukwambia, anachofanya ni kukataa kulala pale, au kuhamia kwenye kiota. Nenda saa tatu nne usiku na tochi na kitambaa cheupe, pitisha kitambaa upande wa chini wa ufito na kwenye ncha zake zinaposhika ukuta, kikitoka na michirizi ya damu umeshampata mchawi. Hapo ni kutoa fito zote, kutupa matandiko yote ya viota na kuyachoma, kusugua na maji ya moto, kupulizia dawa ya utitiri ya mifugo kwenye nyufa, na kurudia baada ya siku kama saba hivi kwa sababu mayai ya utitiri huwa hayafi mara ya kwanza yote. Fito zinazotoka kirahisi, zisizopigiliwa misumari, zitakuokoa sana siku hiyo.

Kuhusu mavi ya usiku na hewa sitakaa sana. Weka ubao au karatasi ngumu chini ya fito, nyunyizia majivu au maranda, ukwangue asubuhi, utapata mbolea safi na sakafu itabaki kavu. Matundu ya hewa yawe juu ya vichwa vya kuku waliolala, sio usawa wao, upepo usiwapige moja kwa moja. Na ukitaka kujua kama hewa ni nzuri usisimame mlangoni, mtaka cha mvunguni sharti ainame, chuchumaa mpaka kichwa chako kifike alipo kuku uvute pumzi, ukisikia ile harufu inayochoma macho na pua basi kuku ameivuta usiku mzima.

Sasa asubuhi, kiotani

Yai linachukua kama saa 24 mpaka 26 kutengenezwa, sehemu kubwa ya muda huo, kama saa 20, ni gamba tu linajengwa. Na kile kinachomsukuma kuku atafute kiota leo kimeanza tangu jana, pale kiini kilipodondoka kutoka kwenye kifuko cha mayai, homoni zilizotoka wakati ule ndo zinakuja kumwasha siku ya pili. Kwaiyo kuku anayetafuta pa kutaga hana utani, amebanwa. Muangalie, anaacha kula wakati wenzake wanakula, anatembea tembea anatoa sauti ndefu ya kulalamika, anachungulia kiota cha kwanza anatoa kichwa, anachungulia cha pili anaingia anazunguka anatoka, anarudi cha kwanza, anaingia, anachimba kwa kifua mpaka panatokea bonde, anaokota majani moja moja kwa mdomo anajirushia mgongoni. Hii inaweza ikachukua hata saa nzima na zaidi. Akimaliza anatoka anatetea mtaa mzima usikie.

Anachotafuta ni giza kiasi, pande tatu zimezibwa, kitu laini cha kuchimbachimba, na utulivu. Kiboksi cha sentimita 30 kwa 30 na kimo kama hichohicho au zaidi kidogo kinatosha, kwa kuku wakubwa ongeza sentimita 5. Mbele weka kizuizi cha sentimita 10 hivi majani yasimwagike na mayai yasibingirike, juu paa liwe la mteremko mkali ili asipande mtu kulala, na ukitundika kitambaa mbele kilichochanwa chanwa kama pazia unakuwa umemmalizia kabisa. Ndani nyasi kavu au maranda, sentimita 5 mpaka 8, sio kutandika karatasi moja ukategemea yai lisipasuke.

Kiota kimoja kinatosha kuku wanne mpaka watano. Na ukishavitengeneza vitano vizuri, wote watapanga foleni kwenye kimoja. Usiumie. Kwa kuku, kiota chenye yai tayari ni ushahidi kwamba hapa pako salama, mwenzangu ametaga na hajaliwa, kwaiyo naye anataka hapohapo, wakati mwingine wanaingia wawili kwa pamoja wanakaliana. Tabia hiyohiyo ndo unaitumia: weka yai la bandia, la mbao au la udongo, au hata mpira wa gofu, kwenye kiota unachotaka wakitumie. Wale mitetea wanaoanza kutaga ndo walengwa hasa, kwa sababu yai la kwanza likishatoka sehemu fulani basi sehemu hiyo inakuwa mazoea. Kuku wa kisasa wa mayai anaanza kwenye wiki ya 18 mpaka 20, wa kienyeji anachelewa, mara nyingi wiki ya 24 na kuendelea. Kwaiyo viota vizibe mpaka ibaki kama wiki mbili, wasije wakavizoea kama vitanda, alafu vifungue ukiona kilemba kinakolea wekundu na ukimsogelea anachuchumaa kufungua mabawa. Kabla ya hapo, tangu wakiwa vifaranga wa wiki tatu nne, wawekee kifito kifupi cha kuchezea. Hii inaonekana kama mapambo lakini kuku aliyejifunza mapema kupanda kitu hapati shida ukubwani kukifikia kiota, aliyekulia chini chini ndo anataga sakafuni.

Mayai ya sakafuni huwa yanatoka kwenye kona, na kona yenye giza ndo mbaya zaidi. Ipe mwanga, au weka kitu kizibe, au kama wamekung'ang'ania sana hamishia kiota hapohapo ushindwe kistaarabu. Yai la chini liokote mapema maana kila linapokaa linawaita wengine, na likipasuka kuna mmoja ataonja, na akishaonja amejua. Mayai kuliwa mara nyingi yanaanzia kwenye gamba jembamba, kwaiyo hakikisha wana chokaa ya kutosha pembeni, maganda ya konokono wa baharini au maganda ya mayai yaliyookwa na kupondwa.

Wanaotaga kichakani wafungie mpaka saa nne au saa tano asubuhi, wengi wanakuwa wameshamaliza. Wengi, sio wote, kwa sababu ile safari ya yai inazidi saa 24, leo akitaga saa mbili kesho ni saa tatu, kesho kutwa inasogea tena mpaka inafika mchana na anaruka siku nzima, kwaiyo usishangae mmoja kakukwepa. Ukikuta chimbo lina mayai kumi na hujui ya lini, yaweke kwenye maji, linalolala chini ni jipya, linalosimama lina siku zake, linaloelea tupa mbali, na usilipasue jikoni.

Kwa wale waliokwisha kuzoea kulala viotani, fito zikiwa ziko sawa na utitiri hakuna, kilichobaki ni kuvunja mazoea. Ziba viota alasiri wakishamaliza kutaga, fungua usiku wakiwa wameshalala au alfajiri mapema. Anayeng'ang'ania mbebe gizani umkalishe kwenye ufito kila siku kama wiki moja hivi, haoni pa kwenda kwaiyo anabaki.

Ila angalia asije akawa ni kuku anayeatamia, huyo ni kesi nyingine kabisa. Mwenye usingizi tu ukimgusa anahama, anayeatamia anavimba manyoya, ananguruma, anakudonoa, mchana na usiku yumo, anatoka mara moja kwa siku kula, kunywa na kutoa kinyesi kimoja kikubwa kinachonuka balaa, na ukimfunua tumboni amejinyonyoa manyoya ngozi iguse mayai. Leghorn hili hulioni mara nyingi, Silkie na Cochin ndo zao. Kama unataka vifaranga mhamishe usiku sehemu yake peke yake, mayai yawekee alama ya penseli usije ukachanganya na wanayomtagia wenzake, uhesabu siku 21. Kama hutaki, kumtoa kiotani mara kumi kwa siku ni kujichosha, na hii ya kumchovya kwenye ndoo ya maji ya baridi mimi siipendi, unamtesa na bado anarudi. Mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya waya kilichoinuliwa hewa ipite chini, chakula na maji vimo, hakuna majani hakuna kona, tumbo linapoa, siku tatu nne. Alafu mfungulie umuangalie anaelekea wapi: akikimbia kiotani mrudishe siku mbili nyingine, akienda kuchakura na wenzake ujue ameshaacha, ila yai usilitegemee kesho, mpe wiki mbili hivi au zaidi ndo aanze tena.